Kumwandikisha mtoto shule ya serikali Marekani na kumfuatilia mwaka wa kwanza

Shule ya serikali Marekani haina ada, na sheria hairuhusu mtoto akataliwe kwa sababu ya rangi, dini, lugha au karatasi za uhamiaji. Ugumu uko kwenye rekodi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, lugha ya nyumbani na namba ya simu vikishaingizwa kwenye kompyuta ya shule siku ya kwanza, vinamfuata mtoto mpaka cheti cha gredi ya 12. Kuvirekebisha baadaye kunawezekana, lakini jiandae kupigwa danadana ofisi hadi ofisi. Ndiyo maana siku ya kuandikisha imepewa nafasi kubwa hapa. Tumewafikiria zaidi wazazi waliotoka Kongo na Burundi kupitia kambi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, ingawa Mkenya au Mtanzania aliyefika kwa grinikadi atakutana na fomu zilezile.

Shule ipi, na lini

Mtoto hupangiwa shule kwa anwani anayoishi. Kila wilaya ya shule ina tovuti ambapo unaandika namba ya nyumba na mtaa, ikakuonyesha shule ya msingi, shule ya kati na sekondari. Mara nyingi mpaka unapita katikati ya barabara, kwa hiyo majirani wanaotazamana wanaweza kuwa na shule tofauti. Kama bado hujasaini mkataba wa nyumba, angalia kwanza.

Mpangilio wa kawaida ni chekechea hadi gredi ya 5 shule ya msingi, gredi ya 6 hadi ya 8 shule ya kati, na ya 9 hadi ya 12 sekondari. Mwaka wa masomo huanza Agosti au mwanzoni mwa Septemba na kuisha Mei au Juni. Lakini mtoto huandikishwa siku yoyote. Familia ikifika Februari, isingoje Agosti: miezi hiyo minne ndiyo mtoto anayoitumia kuzoea basi, kengele na foleni ya chakula, kabla masomo hayajaanza kumhesabia.

Miji yenye wageni wengi huwa na ofisi moja ya kupokea wanafunzi wapya, na kwingine unakwenda shuleni moja kwa moja. Wilaya nyingi siku hizi zinataka uanze kwa fomu ya mtandaoni. Kama huwezi, piga simu na useme maneno mawili tu, "Swahili interpreter", kisha usikate. Mkalimani wa simu huunganishwa ndani ya dakika chache, na hulipi chochote.

Karatasi za kubeba

Beba asilia pamoja na nakala: kitambulisho chako, kitu kinachoonyesha umri wa mtoto (pasipoti, cheti cha kuzaliwa au I-94, yaani rekodi ya kuingia Marekani), uthibitisho wa anwani (mkataba wa nyumba, bili ya umeme au maji ya karibuni), kadi ya chanjo, na ripoti au buletini za shule alikotoka. Waliokuja kama wakimbizi, msitupe ule mfuko wa plastiki wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Humo ndimo kuna fomu ya DS-3025 yenye chanjo alizopewa mtoto kabla ya safari, na ni kazi kubwa kuipata tena.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe iliyotoka Texas, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya bure kwa kuwa hana kibali cha kuishi nchini. Kwa hiyo karani hana haja ya kujua kama mna grinikadi. Namba ya Social Security inaweza kuulizwa kwenye fomu, lakini kuijaza ni hiari. Acha nafasi hiyo wazi.

Mnaoishi kwa ndugu hamna mkataba wenye jina lenu. Njia ya kawaida ni mwenye nyumba kuleta mkataba wake pamoja na barua ya kiapo iliyopigwa muhuri na notari (afisa anayethibitisha saini), ikisema mnaishi hapo. Kama mmejibana kwa ndugu kwa sababu mmepoteza nyumba au kodi imewashinda, kuna njia nyingine: sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 inawahesabu watoto wenu kuwa hawana makazi ya kudumu, na shule inatakiwa kuwapokea papo hapo hata kama karatasi hazijakamilika. Kila wilaya ya shule ina mtu maalumu wa kazi hiyo. Watu wengi wanaona aibu kutaja jambo hili, na aibu hiyo inawagharimu watoto wiki nzima nyumbani.

Kuna jingine linalowakwamisha watu wetu. Kwetu mtoto wa dada yako ni mwanao, wala hakuna anayekuuliza. Shule ya Marekani itauliza nani mlezi wake kisheria, kwa sababu huyo ndiye anayesaini safari, dawa na mikutano. Kama unamlea mtoto usiyemzaa, sema ukweli na uombe fomu ya kiapo ya mlezi. Majimbo mengi yanayo, na haihitaji mahakama. Ukijiandika kuwa mama mzazi huku I-94 inasema vingine, tatizo litatokea siku ambayo huna muda nalo.

Jina na tarehe ya kuzaliwa

Fomu ya Kimarekani ina jina la kwanza, la kati na la ukoo. Mkongo ana jina, postnom (jina la pili) na prenom (jina la kuitwa, mara nyingi la ubatizo), na si lazima jina lolote lifanane na la baba au la ndugu zake. Chukua mtoto anayeitwa Riziki Asende Mlondani, mdogo wake akiwa Byaombe Echa Neema. Karani anaona "familia" mbili, na barua ya mdogo inaweza kwenda kwingine. Dawa yake ni kuandika kila jina kama lilivyo kwenye I-94 au pasipoti, kwa mpangilio uleule, kisha kumwambia karani awaunganishe watoto wote kwenye kaya moja. Usitafsiri, usifupishe, wala usiongeze jina la baba ili "lipendeze".

Mtoto ambaye pasipoti yake ina jina moja tu huandikwa FNU kwenye viza, maana yake jina la kwanza halijulikani. Asiposemewa, mwalimu atamwita "Fnu" mwaka mzima. Mifumo mingi ya shule ina nafasi ya jina la kuitwa. Omba ijazwe, na umwandikie mwalimu jinsi ya kulitamka.

Tarehe ya kuzaliwa ina mambo yake. Wakimbizi wengi waliandikwa 1 Januari kwa sababu kambini hakukuwa na cheti. Siku na mwezi hazina madhara makubwa. Mwaka ndio wenye shida, kwani gredi hupangwa kwa umri. Kama mtoto ameongezewa miaka miwili, ataketi na watoto waliomzidi mwili na masomo. Ukiwa na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa chenye mwaka wa kweli, kitunze na ukionyeshe. Lakini usiandike shuleni tarehe inayopingana na I-94 bila kwanza kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji au wakala aliyewapokea. Rekodi mbili zisizolingana zitazua maswali wakati wa kuomba grinikadi au uraia.

Chanjo

Hapa ndipo watoto wengi wanapochelewa, na mara nyingi si kwamba hawakuchanjwa, ni kwamba kadi haisomeki. Kwetu tunaanza na siku, Marekani wanaanza na mwezi. Dozi iliyoandikwa 05/09/2018 kwenye kadi ya Kigoma ni ya tarehe 5 Septemba, lakini nesi wa shule ataisoma kuwa Mei 9, na huenda ikaonekana imetolewa kabla mtoto hajazaliwa. Kabla ya kwenda, nakili tarehe zote kwenye karatasi nyingine ukitumia jina la mwezi, na uiambatishe kwenye kadi.

La pili ni surua. Afrika Mashariki na Kongo dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Marekani dozi iliyotolewa kabla ya kutimiza mwaka mmoja haihesabiwi, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa "zote" anaambiwa amepungukiwa. Anahitaji dozi mbili za MMR (chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela) baada ya mwaka wa kwanza, zilizopishana siku 28 au zaidi. Chanjo ya tetekuwanga nayo haimo kwenye kadi zetu za kawaida, lakini karibu majimbo yote huidai. Anayeingia gredi ya 7 hudaiwa pia chanjo ya Tdap (pepopunda, dondakoo na kifaduro), na majimbo mengi huongeza ya homa ya uti wa mgongo.

Kadi ikipotea, daktari anaweza kupima kinga kwa damu kwa baadhi ya magonjwa, au kurudia tu dozi. Kurudia hakumdhuru mtoto. Watoto wenye Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au wasio na bima huchanjwa kwa chanjo za bure za mpango wa Vaccines for Children hadi wanapotimiza miaka 19, na idara ya afya ya kaunti ndiyo mahali rahisi pa kuanzia. Mtoto akishapata dozi za kwanza, majimbo mengi humruhusu aanze shule huku akisubiri zilizobaki. Uliza kama jimbo lako lina ruhusa hiyo ya muda.

Watoto wetu wengi wana kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo tu, hata kama mtoto hana maambukizi. Omba kipimo cha damu badala yake.

Fomu ya lugha ya nyumbani

Ni karatasi ndogo, mara nyingi yenye maswali matatu: mtoto alijifunza lugha gani kwanza, anatumia lugha gani zaidi, na nyumbani mnazungumza nini. Wazazi wengi huandika "English" kwa nia njema, wakiogopa mtoto atatengwa au kushushwa darasa. Matokeo yake ni kinyume. Asipopimwa, hapewi mwalimu wa Kiingereza, na atakaa nyuma ya darasa akitikisa kichwa. Andika ukweli. Kama mnazungumza Kibembe au Kinyarwanda ndani na Kiswahili nje, andika vyote, na useme ni ipi wewe mzazi unataka utafsiriwe. Mtoto wa Nairobi anayejua Kiingereza vizuri hapotezi chochote: atapimwa, atafaulu, na suala litaishia hapo.

Kipimo kinategemea jimbo. Majimbo mengi hutumia mitihani ya WIDA, ilhali Texas ina TELPAS, California ina ELPAC na New York ina NYSESLAT kwa mtihani wa kila mwaka. Vyote hupima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. WIDA hutoa alama kutoka 1.0 hadi 6.0, na majimbo mengi humtoa mtoto kwenye programu anapofika kati ya 4 na 5.

Shule ikimweka mtoto kwenye programu ya lugha, sheria ya shirikisho inataka upewe taarifa ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, au ndani ya wiki mbili kama aliingia katikati ya mwaka. Unayo haki ya kukataa programu hiyo. Ushauri wetu ni usikatae. Ukikataa, mtoto bado atafanya mtihani wa lugha kila mwaka, lakini amepoteza mwalimu. Haki yenyewe ina historia: mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols iliyoanzishwa na familia za Kichina za San Francisco, Mahakama Kuu ilisema kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu na dawati sawa na wenzake hakutoshi kama haelewi kinachosemwa.

Mzazi asidanganywe na masikio. Kiingereza cha uwanjani mtoto hukipata ndani ya mwaka mmoja au miwili, na atakuwa anakusemea dukani. Kiingereza cha kitabu cha sayansi huchukua miaka 5 hadi 7. Katikati ya vipindi hivyo viwili ndipo familia nyingi husema "huyu sasa anajua" na kuacha kufuatilia. Wala usiache Kiswahili nyumbani ili kumharakisha. Mtoto aliyezoea kueleza jambo refu kwa lugha yake ana kitu cha kutafsiri akifika darasani.

Mtoto aliyekosa shule miaka kadhaa

Gredi hupangwa kwa umri, si kwa alichosoma. Wa miaka 10 ambaye hajawahi kushika penseli atawekwa gredi ya 4 au ya 5. Usione haya kueleza: "amekosa shule miaka mitatu", "alisoma Kifaransa tu", "anajua kuhesabu lakini hasomi". Wilaya nyingine zina madarasa ya wanafunzi wapya, au msaada maalumu kwa waliokatiza masomo, lakini haviji bila kuulizwa. Taja pia mtaala, kwa sababu Kakuma wanasoma mtaala wa Kenya, Nakivale wa Uganda, na Nyarugusu watoto wa Kongo walisoma wa Kongo huku wa Burundi wakisoma wa kwao. Mwalimu wa Marekani akisikia "kambi" tu hatajua kama mtoto alisoma kwa Kiingereza au Kifaransa.

Ripoti zinasema nini

Wanafunzi hawapangwi kwa nafasi darasani. Hutaambiwa mtoto amekuwa wa 5 kati ya 40. Shule nyingi za msingi hutumia namba 1 hadi 4, ambapo 3 ni kiwango kinachotarajiwa. Kuanzia shule ya kati huja herufi A, B, C, D na F.

Kuna tofauti inayowapiga wazazi chenga: kupanda darasa Marekani si ushahidi wa kufaulu. Mtoto hakariri darasa kirahisi shule ya msingi na ya kati. Anaweza kupanda kila mwaka na kufika gredi ya 8 akisoma kama wa gredi ya 2, huku ripoti ikiwa na maneno ya heshima tu. Kwa hiyo kwenye mkutano wa mwalimu, ambao mara nyingi ni wa dakika 10 hadi 20, usimalize muda kwa "ana tabia gani". Uliza: anasoma kwa kiwango cha gredi ya ngapi leo? Alama yake ya kusoma na ya kuandika kwenye mtihani wa lugha ni ngapi? Kazi gani hajaleta? Anakula chakula cha mchana na nani? Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini mtoto anayekula peke yake mwezi wa tatu ana jambo.

Omba mkalimani angalau wiki moja kabla, kwa maandishi. Shule ndiyo inayolipa. Usikubali mtoto wako atafsiri mkutano unaomhusu, maana hataitafsiri F. Kama mkalimani anazungumza Kiswahili cha Dar es Salaam na wewe ni wa Uvira, na hamwelewani vizuri, sema mara moja na uombe mwingine. Barua zilizopitishwa kwenye programu ya kutafsiri nazo huja na Kiswahili cha ajabu. Usipoelewa, piga simu kabla ya kusaini.

Kuhudhuria, basi na chakula

Mwaka wa masomo katika majimbo mengi una siku 180 hivi. Mtoto akikosa asilimia 10, yaani siku 18, anahesabiwa kuwa mtoro sugu hata kama kila siku ilikuwa na sababu. Akiumwa, piga namba ya mahudhurio asubuhi ileile, na akirudi mpe barua. Idi au sikukuu nyingine ya dini, andika kabla. Msiba wa mtu wa kwenu hauna kifungu kwenye orodha za shule nyingi zaidi ya ndugu wa karibu, kwa hiyo ueleze kwa maandishi. Safari ndefu ya Afrika katikati ya muhula ni hatari: baada ya siku kadhaa mfululizo shule nyingi humfuta mtoto, na mkirudi mnaanza kuandikisha upya.

Ukibadilisha laini ya simu, nenda ofisini siku hiyohiyo. Shule kufungwa kwa theluji, mtoto kuugua, basi kuchelewa, vyote hupita kwenye namba ile. Na kama mnahama jimbo kufuata kazi, msiondoke kimyakimya. Chukua fomu ya kumtoa mtoto, nakala ya chanjo, alama za mwisho na matokeo ya mtihani wa lugha. Bila hayo shule mpya inaweza kumpima upya na kumrudisha mwanzo.

Basi la njano halisubiri. Mtoto awe kituoni dakika 5 hadi 10 kabla. Wa chekechea sehemu nyingi hashushwi kama hakuna mtu mzima anayejulikana. Hurudishwa shuleni na mzazi huitwa.

Kuhusu chakula, baadhi ya majimbo, yakiwemo California, Maine na Minnesota, huwapa wanafunzi wote bure. Kwingine unajaza fomu ya kipato, isipokuwa kama shule nzima imeingia kwenye mpango wa bure. Wanaopata SNAP (msaada wa chakula wa serikali) hupitishwa bila fomu. Wenye nafuu ya bei hawawezi kutozwa zaidi ya senti 40 kwa chakula cha mchana. Asiyekula nguruwe, andikia jikoni na mwalimu, kisha umfundishe mtoto mwenyewe maneno pork, bacon, ham, sausage na pepperoni, kwa sababu mpishi hamjui kila mtoto kwa sura.

Nidhamu na dini

Mwalimu Marekani hapigi mtoto katika majimbo mengi, na popote alipo anatakiwa na sheria kuripoti anapohisi mtoto anaumizwa nyumbani. Akiona alama ya mkanda, au mtoto akisimulia, hana hiari ya kunyamaza. Si kwamba anakuchukia. Kitakachofuata ni wafanyakazi wa ustawi wa watoto mlangoni. Fimbo iachwe kabisa. Kumnyang'anya simu mtoto wa miaka 13 kwa wiki moja kunauma vya kutosha.

Kwenye ugomvi, shule nyingi humsimamisha aliyeanza na aliyejibu. Kisu cha matunda kilichosahaulika begini ni kesi kubwa. Kabla ya kusimamishwa hadi siku 10, mtoto ana haki ya kuambiwa kosa lake na kusikilizwa. Hiyo ilitokana na kesi ya Goss v. Lopez ya mwaka 1975. Akitukanwa kwa rangi, hijabu au lafudhi, usiishie kumwambia mwalimu mlangoni. Andika barua pepe kwa mwalimu mkuu ukitaja siku, mahali, maneno na waliokuwepo. Malalamiko ya ubaguzi yanayopelekwa serikali kuu yana muda wa siku 180 tangu tukio.

Shule ya serikali haiwezi kuongoza sala. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1962. Mwanafunzi mwenyewe anaruhusiwa kuswali au kusali bila kuvuruga masomo, na kuvaa hijabu. Wakati wa Ramadhani, omba akae maktaba saa ya chakula.

Ukihisi mtoto ana shida ya kujifunza

Kutojua Kiingereza si ulemavu, na shule hairuhusiwi kumpeleka elimu maalumu kwa sababu hiyo. Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi: mtoto mwenye shida ya kweli anaambiwa "tusubiri ajue Kiingereza", na miaka mitatu inapita. Kama hata kwa Kiswahili alichelewa kuongea, hakumbuki maagizo mawili, au hasikii vizuri, omba tathmini. Kwa Kiswahili inatosha: "Naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu kwa lugha yake. Naomba jibu kwa maandishi." Weka jina la mtoto, tarehe na saini, piga picha, kabidhi ofisini.

Ukishasaini kibali, shule ina siku 60 kukamilisha tathmini, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Mtoto akistahili, huandikiwa mpango unaoitwa IEP, unaopitiwa angalau mara moja kwa mwaka. Mkutano wake huwa na watu wengi na karatasi nyingi. Hulazimiki kusaini hapo hapo. Chukua nakala nyumbani, uombe itafsiriwe.

Kijana wa miaka 16 na kuendelea

Sekondari sheria za mchezo zinabadilika, na hapa hakuna kupandishwa kwa huruma. Kila somo la mwaka mzima huleta krediti moja, na majimbo mengi yanadai kati ya 20 na 24 ili kuhitimu. Ukipata F, krediti haipo. Kijana wa miaka 17 asiye na karatasi huanza gredi ya 9 na sifuri, na katika majimbo mengi haki ya kusoma sekondari huishia miaka 21. Hesabu ni ya kubana, lakini si ya kukata tamaa.

Siku ya kuandikisha, mtake mshauri wa wanafunzi apime masomo ya zamani. Buletini za Kongo zitafsiriwe. Hesabu, biolojia na Kifaransa vinaweza kuhesabiwa, na Kifaransa hujaza nafasi ya lugha ya kigeni. Matokeo ya mitihani ya taifa yanaweza kuombwa kwenye mabaraza ya mitihani: KNEC kwa Kenya, NECTA kwa Tanzania na UNEB kwa Uganda. Uliza pia kuhusu masomo ya kiangazi na ya kurudia somo aliloanguka. Tazama ratiba yake: ikiwa na vipindi vitatu vya Kiingereza cha wageni visivyo na krediti ya kuhitimu, uliza vinahesabika wapi.

Kijana wa miaka 18 au 19 anaweza kushauriwa aende kwenye GED ya watu wazima, mtihani unaotoa cheti kinacholingana na cha sekondari. Kwa aliyesoma vizuri Kenya au Kongo na amebakiza kidogo, ni njia nzuri. Kwa ambaye bado anaunganisha herufi, ni kumtupa. Kama hajafika umri wa ukomo wa jimbo, ana haki ya kubaki sekondari, pamoja na basi, chakula na mwalimu wa lugha.

Mwisho, kuna muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha kuhitimu, ulioanzia California na sasa uko karibu kila jimbo. Anayefaulu Kiingereza na lugha nyingine huupata, na Kiswahili kina mtihani wake. Wilaya nyingine hutoa krediti za lugha kwa mtihani huohuo, jambo linaloweza kumpunguzia kijana mwaka mzima wa Kihispania. Mtihani hupima kuandika pia, na vijana wengi waliokulia kambini wanaongea Kiswahili bila kukiandika. Aanze mazoezi ya kuandika gredi ya 10, na mshauri aulizwe tarehe ya mtihani mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu shule nyingi huufanya mara moja tu.